Tulivyouvuka Mwaka wa Mkongo Kukatika

Ushuhuda huu nauandika kwa ajili ya wale wanaolala na simu ya zamu chini ya mto. Mimi ni mhandisi wa mtandao jijini Dar es Salaam, katika kampuni inayoendesha mfumo wa malipo wa vyama vya akiba na mikopo na vyama vya ushirika vya wakulima. Mkulima wa Lindi akiuza ufuta wake mnadani, au wa Simiyu akipeleka pamba yake ghalani, hela yake hupita kwetu kabla ya kumfikia. Mfumo ukisimama, kijijini hakuna anayesema seva imezimika. Wanasema tumekula hela yao.

Kabla ya mwaka 2024 tulijiona tuna kila kitu cha kupimia. Timu yetu ya mtandao ilitumia ThousandEyes, chombo kilichoanza mwaka 2010 na kununuliwa na Cisco mwaka 2020. Unaweka vipimaji vidogo katika ofisi zako za mikoani, vingine vinakaa kwenye vituo vya data duniani, na kila baada ya dakika chache vinajaribu njia: pakiti ngapi zimepotea, safari ya kwenda na kurudi imechukua milisekunde ngapi, seva imejibu au imenyamaza, jina la tovuti limepatikana au la. Kinakuonyesha hata ruta kwa ruta mahali pakiti zilipoanza kupotea. Ni chombo kizuri sana, nakitumia mpaka leo. Timu ya programu nayo ilikuwa na skrini zake upande wa pili wa ukumbi, zenye vipimo vyake na rangi zake.

Shida yetu ilikuwa usiku. Simu inalia saa nane: njia ya Mbeya imepoteza asilimia tatu ya pakiti. Unaamka, unafungua kompyuta gizani ili usiwaamshe watoto, unakuta imeshatulia. Unarudi kulala. Saa tisa na nusu inalia tena, safari hii Mwanza. Unakagua, hakuna kitu. Asubuhi unakwenda kazini macho mekundu, na hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika. Kengele ile haikujua tofauti kati ya kikohozi cha mtandao na ugonjwa. Mwenzetu mmoja, kijana hodari niliyemfundisha mwenyewe, aliacha kazi kwa sababu hiyo. Mimi daktari alinipima presha akaniuliza nalala saa ngapi, nikashindwa kumjibu.

Kulikuwa na balaa la pili, na hilo liliniumiza zaidi. Siku nyingine skrini zote ni kijani, halafu wakala wa Nachingwea anapiga: "Dada, nina foleni ya wazee hapa toka asubuhi, malipo hayaendi." Nikikagua naona njia zote nzima. Nawauliza watu wa programu, nao wanasema kwao kuko salama, labda mtandao. Sisi tunasema labda programu. Jumatatu tunakaa kikaoni kila mmoja na picha zake za skrini, tunatetea rangi ya kijani, na mzee wa Nachingwea amekwisha kurudi nyumbani bila hela. Sikuwahi kuona kikao cha namna hiyo kikizaa jambo. Watu wazima, wasomi, wanaopendana, wanageuka mawakili.

Kisha ukaja mwaka wenyewe.

Februari 2024 meli ya Rubymar, iliyokuwa imepigwa kombora, iliburuta nanga yake katika Bahari ya Shamu na, kama inavyoaminika, kukata mikongo mitatu ya intaneti ya chini ya bahari, Seacom ukiwamo. Kwa sisi wa Afrika Mashariki njia moja muhimu ya kaskazini kwenda Ulaya ikafungwa, na matengenezo yakangoja miezi kadhaa kwa sababu ya vita. Machi 14 mikongo minne ya Afrika Magharibi ikakatika karibu na Côte d'Ivoire. Haikutugusa sana siku ile, lakini akiba ya bara zima ilikuwa inapungua. Halafu Jumapili ya Mei 12, mikongo ya Seacom na EASSy ikakatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia vibaya. Kila aliyekuwa na simu hapa nchini anaikumbuka Jumapili ile.

Seva zetu kubwa zilikuwa kwenye kituo cha wingu Cape Town. Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za mkongo hukugharimu milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Njia ya kusini ikiwa nzima, Dar hadi Cape Town ni chini ya milisekunde 100. Ilipofungwa, kile kidogo kilichopita kilizunguka: juu hadi Ulaya, kisha chini tena kwa pwani ya magharibi ya Afrika. Mkongo wa WACS peke yake, kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini, una zaidi ya kilomita 14,000. Tuliona milisekunde 300 na zaidi, tena kwenye njia iliyojaa watu wote waliofukuzwa kwingine, kwa hiyo pakiti zilipotea hovyo.

Mfumo wa malipo haufi kwa tukio kama hilo, na ingekuwa heri ungekufa. Unakuwa nusu mzima. Wakala anabonyeza, ombi linakwenda, jibu linachelewa mpaka muda unakwisha, skrini inamwambia imeshindikana. Anabonyeza tena. Huku ombi la kwanza lilikwisha kufika. Tulikuwa na kinga ya malipo mara mbili, na ilifanya kazi, lakini wakala hajui hilo. Anachoona ni salio lisiloeleweka na mkulima anayemkazia macho. Minada ya ufuta ilikuwa inakaribia kusini. Wakala mmoja, mama wa makamo, alizungukwa dukani kwake na watu waliodai kwamba yeye na sisi tumepanga. Hakuna aliyemgusa, namshukuru Mungu. Alinipigia jioni, akakaa kimya kwenye simu, kisha akasema tu, "Mwanangu, mimi hapa nitaishije na hawa watu?" Neno hilo lilinikaa moyoni.

Mikongo ilitengenezwa. Mkurugenzi wetu akaita kikao, akauliza jambo moja tu: "Tumewaangusha wateja kiasi gani, na kwa sehemu gani ni mtandao?" Tulikuwa na maelfu ya vipimo. Hakuna aliyeweza kumjibu. Nilikuwa na upotevu wa pakiti kwa kila dakika, lakini pakiti si mzee wa Nachingwea. Wenzangu walikuwa na idadi ya maombi yaliyoshindwa, lakini hawakujua yaliyoshindwa kwa sababu ya njia ni yapi. Vipimo viliishi nyumba mbili na ahadi yetu kwa mteja haikuishi popote.

Fundi mmoja mkubwa wa timu ya programu, mtu mtulivu tunayemwita Babu ingawa mvi zake zinahesabika, ndiye aliyeleta wazo la kuviunganisha. Alikuwa amesoma kazi za wahandisi wa Google, ambako Ben Treynor Sloss alianzisha timu ya uimara wa huduma mwaka 2003. Wenyewe wanaanza na ahadi, kisha kipimo kinafuata. Unaamua: katika siku 30, sehemu gani ya muda huduma lazima iwe nzuri machoni pa mtumiaji. Kinachobaki ndiyo bajeti ya hitilafu, kiasi cha ubovu unachokubali kuwa utatokea. Kuna majukwaa yanayofanya kazi hiyo tu, yanapokea vipimo kutoka vyombo vingi na kuvigeuza kuwa bajeti inayopungua mbele ya macho yako. Tulichagua Nobl9, kwa sababu linaisoma ThousandEyes moja kwa moja na pia linasoma vyombo vya wenzetu wa programu. Hatimaye nyumba mbili zingekuwa na sebule moja.

Niseme kwa kirefu jinsi tulivyounganisha, maana wengi hukwama hapa na kukata tamaa.

Njia ni mbili. Ya kwanza, jukwaa lenyewe linakwenda kuchota vipimo kupitia API. Ya pili, unaendesha programu ndogo mjumbe ndani ya kontena kwako, inachota vipimo na kuvipeleka. Tulichukua ya pili, kwa sababu tokeni inayofungua vipimo vyetu vyote inabaki nyumbani. Tokeni hiyo itengenezwe kwa akaunti ya huduma, isiwe ya mtu; mtu huhama kazi, na akihama data inakatika bila mtu kujua kwa nini. Kisha kila jaribio la ThousandEyes lina namba yake. Unaliambia jukwaa namba hiyo na aina ya kipimo unachotaka: upotevu wa pakiti, ucheleweshaji, upatikanaji wa seva, muda wa kujibu. Unaweka na mpaka: upande huu ni kuzuri, upande ule ni kubaya. Maelezo yote yanaandikwa kwenye faili za maandishi, nasi tuliziweka kwenye hazina ya msimbo ili kila badiliko lijulikane limefanywa na nani na kwa nini.

Inaonekana kazi ya mchana mmoja, na kuunganisha kwenyewe ni hivyo kweli. Ugumu uko kwenye maswali ambayo muunganiko unayalazimisha.

Swali la kwanza lilikuwa mara ngapi tupime. Majaribio yetu mengi yalikwenda kila baada ya dakika tano. Bajeti tuliyoitaka ilihesabu dakika nzuri na dakika mbaya, na huwezi kuhukumu dakika tano kwa jicho moja. Tukayaleta majaribio ya njia kuu kwenye dakika moja, mengine tukayaacha. Ikabidi pia tuhesabu maombi, kwa sababu API ya ThousandEyes ina kikomo cha maombi 240 kwa dakika kwa taasisi nzima, na dashibodi zetu za zamani zilikuwa zinakula kwenye sahani hiyohiyo. Nyingine tulizizima. Hakuna aliyezililia.

La pili lilikuwa wastani. Tulipoweka lengo moja la nchi nzima, kila kitu kilionekana kizuri, maana Dar ina vipimaji vingi na fiba nzuri, na uzuri wake ulifunika ubovu wa kusini. Hapo ndipo nilipoelewa siku zile za kijani. Wakala wa Nachingwea alikuwa akisema kweli, na wastani ndio uliomziba mdomo. Tukatenganisha: Kusini lengo lake, Kanda ya Ziwa lake, Nyanda za Juu lake, Dar lake. Tulisambaza na vipimaji zaidi. Hata kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inatosha kwa kazi hiyo, ikipata umeme wa uhakika na mahali pasipo na vumbi jingi. Mama yule aliyezungukwa dukani alikubali kimoja kikae chini ya meza yake. Aliniambia alipenda kujua kwamba kuna kitu kinachoona anachokiona yeye.

La tatu ndilo lililotugharimu mabishano mengi: ukimya. Njia ya Mtwara ikifa kabisa, kipimaji cha Mtwara hakina pa kupitishia habari ya kifo hicho. Jukwaa halipokei kipimo kibaya, halipokei chochote. Mtu asiye makini atauona ukimya huo kama utulivu. Tukakubaliana kwamba kukosekana kwa data ni tukio lenye kengele yake, na tukaweka majaribio ya kuja kutoka nje kuelekea mikoani, ili njia ipimwe kwa pande zote mbili. Kama utachukua jambo moja tu la kiufundi katika maandishi haya, chukua hilo.

Kisha likaja suala la lengo lenyewe. Wakubwa walitaka asilimia 99.99. Babu akaenda ubaoni. Siku 30 ni dakika 43,200. Asilimia 99.99 inakuachia dakika nne na sekunde chache kwa mwezi. Fundi wa fiba akitoka Lindi mjini kwa pikipiki, dakika nne hazimtoi hata stendi. Asilimia 99.9 ni dakika 43 hivi. Asilimia 99.5 ni dakika 216, saa tatu na nusu na ushee. Kwa Kusini tukaanza na 99.5, tukiamini ni ahadi tunayoweza kuitimiza na kuisimamia mbele ya mtu yeyote. Mkurugenzi hakufurahi. Alisema ni kama kutangaza kwamba tutafeli. Lakini alipoona tulivyokuwa hasa katika miezi iliyopita, kwa vipimo vya zamani tulivyovipitisha kwenye hesabu hiyo, alinyamaza kwa muda, kisha akasaini.

Ninachotaka kushuhudia ni kilichofuata.

Kengele zilinyamaza, isipokuwa za haki. Tuliacha kumwamsha mtu kwa sababu pakiti zimepotea. Anaamshwa pale tu bajeti inapoungua kwa kasi: ikifika mara 14.4 ya kasi ya kawaida ndani ya saa moja, maana yake asilimia mbili ya bajeti ya mwezi imekwisha kwa saa hiyo moja, na hapo kuna watu wanaumia kweli. Ubovu wa polepole unaandikiwa tiketi na kungoja mchana. Kikohozi cha saa nane usiku bado kipo, kinarekodiwa, kinahesabiwa, na mimi nalala. Presha yangu imeshuka. Daktari anasema niendelee hivyohivyo.

Vikao vya Jumatatu vilibadilika tabia. Sasa timu zote mbili zinatazama bajeti ileile. Ikishuka, swali linakuwa nini kimeila, na jibu lipo palepale: njia, au seva, au programu. Wiki moja ilikuwa sisi, wiki nyingine wao. Hakuna anayejitetea kwa sababu hakuna anayeshtakiwa. Bajeti ya Kusini ilipokwisha kabla mwezi haujaisha, timu ya programu yenyewe ilijitolea kusimamisha matoleo mapya mpaka hali itengemae. Mwaka mmoja kabla ya hapo jambo hilo lingehitaji amri.

Na mtoa huduma wetu wa fiba, nisiyemtaja, ambaye miaka yote alitujibu "kwetu kuko sawa, angalieni kwenu", alipokea kutoka kwetu ukurasa mmoja: dakika zilizopotea za mwezi, ruta ambako pakiti zilianza kupotea, na mawakala waliokuwa nyuma ya njia hiyo. Hatukugombana. Alituma watu wake, wakakuta kiungo kilichochoka. Mkataba ulipofika wakati wa kuhuishwa, tuliweka ndani yake kipimo ambacho pande zote mbili zinakisoma mahali pamoja.

Kwa ukurasa wa namna hiyohiyo tuliomba fedha za njia ya pili. Tulikuwa tumeziomba miaka nyuma kwa kusema "ni muhimu", tukanyimwa, na simlaumu aliyetunyima, kwani neno muhimu kila idara inalo. Safari hii tulionyesha Mei ile ilivyokula bajeti ya Kusini kwa miezi na miezi ya mbele, wilaya kwa wilaya. Tukapata njia ya nchi kavu kupitia Horohoro kwenda Mombasa, ambako mikongo mingine kama TEAMS na PEACE inatua, na tukapata nakala ya seva za malipo kwenye kituo cha data hapahapa Dar. Malipo ya mkulima wa Lindi hayalazimiki tena kwenda Cape Town na kurudi ili yamfikie jirani yake.

Si kwamba matatizo yamekwisha. Katapila la wajenzi wa barabara lilikata fiba ya kusini katikati ya msimu, na kwa muda fulani bajeti ilishuka mbele ya macho yetu. Lakini safari hii kengele ilimfikia mtu mmoja sahihi, njia ikahamishwa, na mawakala walitumiwa ujumbe kabla hawajaanza kupiga simu: njia imekatika, malipo yatachelewa kidogo, msibonyeze mara mbili. Mama yule wa dukani aliusoma ujumbe kwa sauti mbele ya foleni yake. Watu walikaa wakangoja.

Kwa wakuu wa kampuni na taasisi zenye mifumo inayogusa hela, dawa au masomo ya watu, ombi langu ni hili. Msinunue chombo kingine cha kupima kabla ya kukaa na mafundi wenu na kuandika, kwa tarakimu, mnachomwahidi mtu wa mwisho kwenye foleni. Kisha wapeni muda wa kuunganisha vipimo mlivyonavyo na ahadi hiyo. Na wiki hii, kabla ya kikao kingine chochote, mtafuteni aliyeshika simu ya zamu, mumuulize ameamshwa mara ngapi, na katika hizo ni mara ngapi kulikuwa na mteja aliyeumia.